Mguu Kwanza, Beringi Mwisho: Kuchagua Viatu vya Hoki ya Magurudumu

Mpe kijana viatu vya hoki ya magurudumu kwa mara ya kwanza, atakigeuza kimoja juu chini, atalizungusha gurudumu kwa kidole na kusikiliza linavyovuma. Likichukua muda kusimama, ameridhika. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana namba ya ABEC ya beringi hupewa nafasi kubwa kwenye boksi kuliko upana wa buti. Naona mpangilio huo uko kinyumenyume. Kinachoamua kama mchezaji atakimbia, atakata kona na kusimama anapotaka ni namna buti linavyomkaa mguuni. Baada ya hapo ni gurudumu na sakafu linayokanyaga. Fremu inakuja ya tatu. Beringi ni za mwisho, tena kwa mbali, lakini ndizo zinazozungumzwa na ndizo zinazomaliza akiba za vijana.

Ninazungumzia kiatu chenye magurudumu manne yaliyopangwa mstari mmoja, kinachochezewa hoki ya wachezaji wanne wa ndani na kipa mmoja kwa kila timu. Hakifanani na kile cha magurudumu mawili mbele na mawili nyuma, cha mchezo wenye mizizi mirefu Ureno, Hispania na Angola, ambayo iliandaa kombe la dunia la mchezo huo mwaka 2013. Kile kina kanuni zake za ukaaji na uzito.

Historia ya hiki chetu inafundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Minnesota, Marekani, ndugu wawili wacheza hoki ya barafu, Scott na Brennan Olson, walitaka kuendelea na mazoezi wakati wa kiangazi ambapo barafu haipo. Magurudumu ya mstari mmoja hayakuwa mageni duniani. Watu wa Ulaya walishayajaribu tangu karne ya 18. Walichofanya ndugu hawa ni kuyafunga chini ya buti la hoki, buti gumu lililoshika kisigino na kifundo cha mguu. Hapo ndipo ilipozaliwa Rollerblade. Mwaka 1993 Marekani ilikuwa na ligi ya kulipwa ya mchezo huu, Roller Hockey International, na viwanda vya hoki ya barafu vilikuwa vimeshaingia sokoni. Mpaka leo mabuti mengi ya Bauer, CCM na Mission (Bauer iliinunua Mission mwaka 2008) yanatokana na umbo lile lile la buti la barafu. Kwa hiyo anayechagua kiatu hiki anachagua buti la hoki kwanza.

Tuanze na urefu. Kosa linalowapata wengi ni kununua kwa namba ya raba. Mabuti ya hoki kwa kawaida huchukuliwa namba moja hadi moja na nusu chini ya namba ya kiatu cha kawaida kwa vipimo vya Marekani, na kila kampuni ina jedwali lake. Njia salama ni kupima mguu wenyewe kwa milimita: simama juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, uzito wote ukiwa juu ya mguu huo, kisha weka alama mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana kutwa. Pima miguu yote miwili. Ni nadra ilingane sawasawa, na buti huchaguliwa kwa mguu mkubwa.

Baada ya urefu watu wengi hufunga hesabu, ilhali kazi ndiyo kwanza inaanza. Mguu una upana, una kina, na una kisigino. Bauer kwa miaka mingi ilitumia herufi, D kwa upana wa kawaida na EE kwa mguu mpana. Mwaka 2020 ikaanza kuyagawa mabuti yake ya barafu katika maumbo matatu, Fit 1, Fit 2 na Fit 3, kuanzia jembamba na fupi la kina hadi pana na refu la kina. CCM nayo ina mgawanyo wake. Mgawanyo wa namna hii una maana kubwa kwetu. Mtu aliyekulia peku au kwenye ndala mara nyingi mguu wake umetanuka sehemu ya vidole, na buti jembamba lililokatwa kwa mguu uliokulia ndani ya kiatu cha kufungwa humbana pale pale. Akilazimishwa kuchagua kati ya buti la urefu wake linalombana na buti refu lisilombana, atachukua refu. Hapo tatizo la upana limeponywa kwa ugonjwa wa urefu: vidole vimepata nafasi, kisigino kimepoteza mshiko. Alichohitaji ni buti la urefu ule ule, umbo pana.

Kina ndicho hupimwa kwa uchache zaidi. Ingiza mguu, acha kamba wazi, vuta ulimi wa buti mbele, kisha laza penseli kuvuka kingo mbili za buti, kwenye matundu ya kamba ya tatu ukihesabu kutoka juu. Penseli ikilala juu ya kingo zote mbili bila kuugusa mguu, kina kinatosha. Ikipandia mgongo wa mguu na kubembea, buti ni la kina kifupi, na ukilifunga litabana mishipa iliyo juu ya mguu mpaka vidole vife ganzi. Wachezaji huyaita maumivu haya kuumwa na kamba na huyatafutia dawa kwenye kamba zenyewe: wanabadilisha aina, wanaruka tundu, wanaweka sifongo chini ya ulimi. Mara nyingi buti lenyewe ndilo halikuwa la mguu huo.

Kujaribu buti kuna utaratibu wake. Vaa soksi nyembamba utakazochezea. Ingiza mguu, gonga kisigino nyuma mara mbili tatu ili kikae mwisho wa buti, kisha funga kamba: mbele ulegee kiasi, katikati ukaze, juu ukaze bila kukinyima kifundo nafasi ya kupinda. Simama wima. Vidole viguse ncha ya ndani kwa wepesi, kama vinavyoigusa soksi mpya. Sasa kunja magoti kama mchezaji anayesubiri pasi. Kisigino kinarudi nyuma, vidole vinaachana na ncha. Kikibaki hapo hapo na vidole bado vimekunjika, buti ni dogo. Ukiwa bado umekunja magoti, mtu ajaribu kupenyeza penseli nyuma ya kisigino, kati ya kano na ukuta wa buti. Ikishuka bila upinzani, buti ni kubwa, hata kama linaonekana la raha. Dukani raha kubwa ni ishara mbaya: povu la ndani hulainika na kubonyea kwa matumizi, kwa hiyo buti linalokaa kwa ulegevu siku ya kwanza litalegea zaidi mwezi wa pili.

Kisigino kinachopanda na kushuka ndani ya buti ndicho chanzo cha mambo mengi ambayo watu huyaita udhaifu wa mchezaji. Kila anaposukuma, sehemu ya nguvu inapotea kabla haijafika kwenye gurudumu. Vifundo vinalala kwa ndani, magurudumu yanalika upande mmoja, malengelenge yanatoka juu ya kisigino. Mtoto aliyenunuliwa buti kubwa kwa namba mbili ili "akue nalo" anaambiwa ana vifundo dhaifu, naye anaamini. Ninamwonea huruma sana mtoto huyo, kwa sababu anaweza kuuacha mchezo akidhani mwili wake haukuumbwa kwa ajili yake, ilhali buti la ukubwa wake lingemnyoosha vifundo siku hiyo hiyo. Kwa mtoto anayekua, nafasi ya ziada isizidi nusu namba. Zaidi ya hapo, heri kununua la bei nafuu linalomkaa kuliko la gharama linalomsubiri.

Mabuti mengi ya kati na ya juu hufinyangwa kwa joto. Duka lenye tanuri maalumu hulipasha buti kwa dakika chache kwenye joto la takriban nyuzi 80 za Selsiasi, mchezaji akalivaa likiwa la moto, akafunga kamba na kukaa kitini bila kutembea mpaka lipoe. Wakati wa kufunga, kamba huvutwa kwenda pembeni. Zikivutwa juu kwa nguvu zinaweza kung'oa matundu kwenye ukuta uliolainika. Joto hili husaidia buti lifuate mfupa wa kifundo na nundu za kando ya mguu. Haliongezi urefu wala haligeuzi buti jembamba kuwa pana. Na si kila buti linaloruhusu: maelekezo ya kiwanda ndiyo sheria. Kulisogeza kwenye jiko la mkaa au kuliweka ndani ya ovena ya jikoni kwa kubahatisha ni kuhatarisha gundi, povu na umbo la buti zima.

Bei inahusu zaidi ugumu na wepesi. Buti la juu kabisa, ambalo Marekani hupita dola 800, lina kuta ngumu za nyuzi za kaboni zilizotengenezwa kwa mtu mzima anayesukuma kwa nguvu mara kadhaa kwa wiki. Mchezaji mwepesi anayejifunza akilivaa, kifundo hakipindi mbele, magoti yanabaki wima, na mtu aliye wima juu ya magurudumu huanguka chali. Buti la daraja la kati linamfaa zaidi na linambakizia pesa ya magurudumu. La daraja la chini kabisa, lile unaloweza kulikunja kifundoni kwa vidole viwili, halifai hoki hata ya kirafiki.

Sasa gurudumu, na hapa mambo ni matamu. Kwenye barafu, chuma kikigeuzwa ubavu hukwangua na kusimama. Gurudumu la poliyurethani hung'ang'ania, na kiatu cha hoki hakina breki ya kisigino. Kusimama kunategemea kuuvunja mng'ang'anio huo kwa kipimo: ukiwa mwingi mno unapinduka, ukiwa mdogo mno unateleza mpaka ukutani. Kinachopanga kipimo hicho ni ugumu wa gurudumu ukilinganishwa na sakafu na uzito wa mtu.

Ugumu huandikwa ubavuni mwa gurudumu kwa kipimo cha Shore A: namba ikipanda, gurudumu ni gumu zaidi. Kwa viwanja vya ndani, vya vigae vya plastiki au saruji iliyosuguliwa, hutumika takriban 72A hadi 78A. Mchezaji mwepesi hukaa karibu na chini, mzito karibu na juu, kwa sababu uzito huliminya gurudumu laini likapanuka na kuburuta. Nje, kwenye lami na zege, hutumika 80A kwenda juu. Gurudumu la ndani likipelekwa kwenye lami huchunika kama kifutio cha penseli, na seti nzima inaweza kwisha ndani ya muda mfupi mno. La nje likiletwa kwenye vigae linateleza, hasa vumbi likiwepo. Kwa hiyo kabla hujauliza gurudumu gani ni zuri, uliza utacheza wapi. Kwa Afrika Mashariki, ambako wengi hujifunzia kwenye maegesho, barabara zilizofungwa na viwanja vya shule, jibu karibu daima ni gurudumu la nje, na magurudumu mazuri ya ndani yanayokuja na viatu vya gharama yavuliwe siku ya kwanza na kutunzwa.

Wapo wanaochanganya: laini nyuma kwa mshiko wa kusukuma, gumu kidogo mbele ili kiatu kigeuke kirahisi. Si ushirikina, tofauti huhisika, lakini ni marekebisho ya mtu ambaye tayari anajua anachokikosa.

Chukua gurudumu lililochezewa wiki kadhaa, lishike usawa wa jicho ukilitazama kwa mbele. Jipya lina mgongo wa mviringo, pande zake sawa. Lililotumika lina mteremko upande mmoja, ule uliokuwa ndani, kuelekea mguu wa pili, kwa kuwa ndio unaokwaruza sakafu kila unaposukuma. Mteremko huo unakuambia muda wa kuzungusha umefika: la kulia liende kushoto, upande uliolika ukitazama nje, la mbele libadilishane na la nyuma lenye kipenyo sawa na lake. Mteremko wa gurudumu la pili na la tatu ukiwa mkali kuliko kawaida, au ukiwa kwenye kiatu kimoja tu, rudi kwenye buti: ama kifundo kinalala kwa sababu buti ni kubwa, ama fremu imefungwa upande.

Fremu ni ile reli inayobeba magurudumu. Za alumini ndizo za kawaida, za magnesi ni nyepesi zaidi na ghali, za plastiki hupinda mtu mzito akisukuma. Swali kubwa ni mpangilio wa vipenyo. Fremu tambarare hubeba magurudumu manne sawa, ya milimita 76 au 80. Mpangilio unaojulikana kama Hi-Lo huweka ya 80 mawili nyuma na ya 76 mawili mbele, au 72 mbele kwa mabuti madogo, huku ekseli zikiwa kwenye vimo tofauti ili yote manne yaguse chini. Mchezaji anaegemea mbele kidogo, fremu inakuwa fupi, na hatua za kwanza za mbio zinakuwa kali. Aliyetoka kwenye barafu huupenda. Aliyejifunza mwenyewe mtaani kwa magurudumu sawa huhisi anasukumwa na huhitaji muda kuzoea. Ukiwa na Hi-Lo nunua kwa jozi za vipenyo sahihi. Ukifunga ya 80 yote manne, ama ya mbele yatagusa fremu, ama kiatu kitakunyanyua vidole na magurudumu mawili yatabaki yakielea.

Ipo pia Marsblade, aliyoibuni Msweden Per Mårs, yenye fremu ya vipande viwili inayobembea ili kuiga mpindo wa chuma cha barafu. Kwa anayejiandaa na msimu wa barafu ni chombo cha maana. Kwa anayecheza magurudumu tu, sioni sababu ya kuanza nayo.

Beringi sasa. Kila gurudumu hubeba mbili, kwa hiyo jozi ya viatu ina 16. Nyingi ni za kipimo cha 608, tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha 22. Nyingine ni 688, ndogo na nyepesi, na magurudumu yake hayaingiliani na ya 608. ABEC, yenye madaraja 1, 3, 5, 7 na 9, hupima usahihi wa vipimo vya uchongaji. Haisemi lolote kuhusu aina ya chuma, grisi, wala uwezo wa kustahimili kugongwa pembeni, na hayo ndiyo maisha ya beringi ya hoki. Fanya hesabu: gurudumu la milimita 80 kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa huzunguka kama mara 1,330 kwa dakika. Madaraja ya juu yana maana kwenye mitambo inayozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Beringi ya wastani iliyo safi na yenye mafuta kidogo inashinda ya gharama iliyojaa vumbi. Na kule kuvuma gurudumu linapozungushwa kwa kidole bila uzito wa mtu hakukuambii chochote kuhusu litakavyokwenda likibeba kilo 70.

Nairobi maswali haya yameshakuwa ya watu halisi. Uwanja wa barafu wa Hoteli ya Panari, uliofunguliwa mwaka 2005 kwenye Barabara ya Mombasa, ndio ulioilea timu ya Ice Lions, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu, IIHF. Baadhi ya wachezaji hao walianzia kwenye magurudumu mitaani. Uwanja wa barafu ni mmoja, lami iko kila mahali, kwa hiyo njia ya kuingilia kwenye hoki itaendelea kuwa magurudumu kwa muda mrefu, na wengi watanunua mtumba kwa sababu kipya hakishikiki kwa bei.

Mtumba hauna ubaya, mradi ukaguzi uanzie mahali pake. Ng'oa soli ya ndani utazame alama ya vidole vya mmiliki wa kwanza: ikiwa imechimbika mbali na vinapofika vyako, povu lote limeshaufuata mguu usio wako, na kulipasha upya hakutalirudisha lote. Bonyeza povu la kifundo. Likibaki limebonyea au likamwaga unga, limekufa kwa uzee, hata kama nje buti linang'aa. Kagua ribiti zinazoshika fremu, moja moja, ukiitikisa fremu kwa mkono mwingine, kwa maana ribiti iliyolegea hukatika mchezoni. Tazama kwa nyuma: fremu ipite katikati ya kisigino. Pitisha kidole kwenye kuta za fremu karibu na ekseli kutafuta ufa. Kisha livae, funga kamba, kunja magoti, na urudie lile jaribio la penseli nyuma ya kisigino papo hapo sokoni, muuzaji akisubiri. Likifaulu, magurudumu yaliyolika na beringi zenye kutu zisikutishe. Zitumie kupunguza bei, kwa kuwa hizo zinabadilishika.